Meno Arobaini na Matano

Fundi wangu alitaja elfu tano, na balaa lote lilianzia hapo. Angetaja elfu ishirini ningenywea na kumwachia kazi yake. Lakini elfu tano ni pesa ambayo mtu mzima akiitazama anaona kabisa kwamba anaweza kuiokoa.

"Cheni na sproketi zimekwisha, mwalimu," aliniambia, ameinama kuitazama pikipiki yangu bila hata kuigusa. "Kanunue seti ulete. Ufundi elfu tano."

Nikamjibu "Inshallah", ile inshallah ya kumkwepa mtu.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi, hapa Tanga. Kila mwaka nawafundisha watoto mashine rahisi: nyenzo, kapi, mteremko, gurudumu na ekseli. Egemeo, jitihada na mzigo nimeviandika ubaoni mpaka chaki zinanijua mkono. Sasa mtu wa aina hii amlipe kijana ambaye, nina hakika, hawezi kuniambia nyenzo ya daraja la pili ni ipi?

Ugonjwa nilikuwa nimekwisha kuupima mwenyewe. Cheni ilikuwa ikigonga kifuniko chake kama mgeni aliyenyimwa mlango. Nikiondoka kwa haraka ilikuwa ikiruka meno, kata-kata-kata, na watu barabarani wakageuka. Sproketi ya nyuma meno yake yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja, mithili ya mapezi ya papa. Watu husema cheni "imevutika", kana kwamba chuma kimenyooka kama mpira. Hakinyooki. Zinazolika ni pini na bushi zilizomo ndani ya kila pingili. Kila moja hupoteza unywele mmoja tu, ila pingili 118 zikichanga nywele zao, unapata cheni ndefu kuliko ilivyozaliwa. Na yangu ni namba 428, kama za pikipiki nyingi ndogo. Ile 4 ya mwanzo ni nne kwa nane ya inchi, yaani nusu inchi, milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Kwa hiyo pingili 20 za cheni mpya ni milimita 254. Nilipima zangu kwa rula ya shule: 262. Nikafurahi kama daktari aliyeuona ugonjwa, nikasahau kwamba kuuona ugonjwa ni kazi moja na kumpasua mgonjwa ni kazi nyingine.

Mke wangu akiniita "baba watoto", nyumba ni shwari. Akiniita "mwalimu", kuna jambo.

"Mwalimu," akasema, "hiyo elfu tano unayoiokoa, ni ya nani?"

"Ya familia," nikasema.

"Basi nipe niishike mimi."

Sikuwa nayo. Pesa iliyookolewa haikai mfukoni.

Dukani kwa spea kijana aliniuliza swali moja tu: "Unabeba mzigo?" Mzigo wangu mkubwa ni madaftari ya kusahihisha, na Jumapili mama watoto na kikapu cha sokoni. Lakini pale mlangoni walikuwa wamesimama bodaboda wawili, wote wananitazama. "Sana," nikasema. Kijana akapanda ngazi, akashuka na boksi, nikalipa, nikaondoka kifua mbele. Hilo "sana" tutakutana nalo tena mbele ya safari.

Jumamosi asubuhi nikaitoa pikipiki mbele ya nyumba, nikaisimamisha kwa dabo stendi juu ya ubao ili isizame mchangani. Kosa la kwanza ni hilo la mahali. Nyumba yetu iko Ngamiani, na ina baraza, na barazani kuna kijiwe cha kahawa. Ningefanyia kazi uani ningeaibika mbele ya kuku tu.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Imeharibika?"

"Nabadilisha cheni."

"Fundi yuko wapi?"

Nikajifanya sikusikia. Mzee mmoja pale, ambaye sote tunamwita Babu, akavuta mkeka wake ukanielekea vizuri. Babu ujana wake wote ameumalizia korona. Nasema korona ya mkonge, ile mitambo ya kusindika majani ya mkonge mashambani, siyo ile ya barakoa. Cheni alizowahi kuzifunga huko, moja ilikuwa nzito kuliko pikipiki yangu nzima. Ila Babu ana desturi moja: hakosoi mpaka umalize.

Nikaanza na nati ya ekseli ya nyuma, spana 19. Sasa, pikipiki inayolala mji wa pwani hailali peke yake, inalala na chumvi. Nati na ekseli vilikuwa vimefunga ndoa isiyojua talaka. Nikavuta, nikasukuma, nikakanyaga. Hapo nikakumbuka somo langu: refusha mkono wa jitihada, na jitihada ndogo itashinda mzigo mkubwa. Uani kulikuwa na kipande cha bomba la maji. Nikakivika kwenye mkia wa spana, nikawageukia wazee na kuwaeleza kwa kifupi habari za egemeo, kisha nikaning'inia.

Kitabu hakikuandika kwamba nati ikikubali, hukubali ghafla, na mwenye jitihada huondoka pamoja na bomba. Nilikwenda nalo mpaka kwenye ndoo ya kuoshea vikombe. Vikombe vitatu. Muuza kahawa hakusema kitu, alivinyanyua vipande kimoja kimoja akavipanga mbele yangu kama anayepanga ushahidi mahakamani. Spana nayo ilikuwa imeachama mdomo, haifungi tena hata mlango wa kabati.

Ni wakati huo fundi wangu alipotokea. Hakuja na pikipiki, alikuja kwa miguu, amevaa kanzu safi. Akasalimia, akaketi barazani, akaagiza kahawa na kashata mbili.

"Leo hukufungua gereji?" nikamuuliza.

"Nimepumzika," akasema. Akakunja miguu. Hakusema neno jingine mpaka alasiri. Nimewahi kukaguliwa darasani na wakaguzi wa elimu, wamekaa nyuma na daftari zao wakiandika. Afadhali wale.

Cheni ya pikipiki ndogo huungwa kwa pingili moja yenye klipu. Klipu ni kibati chembamba, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, chenye umbo la samaki: kichwa cha mviringo, mkia uliopasuka. Unakibana kwa plaizi, kinateleza, basi. Changu kiliruka. Kilitoa mlio mdogo, ting, kikapita juu ya bega langu na kuingia katika mchanga wa Ngamiani, ambao umemeza mambo mengi tangu enzi za Mjerumani. Nikawaita watoto. Nikatangaza kashata kwa atakayeiona. Wakaja kumi na zaidi, wakajipanga na kupekua mchanga kwa nusu saa nzima. Wakapata vifungo viwili, sarafu ya 50, kisigino cha kiatu cha kike na betri ya redio, lakini klipu haikuonekana.

"Mwalimu," akasema mmoja wao, mwanafunzi wangu mwenyewe, "si kuna nyingine kwenye boksi?"

Ilikuwamo. Cheni mpya huja na klipu yake. Nikalipa kashata kwa wote, nikaahirisha msako, nikamwambia kijana yule kwamba udadisi ni jambo zuri lakini si kila saa.

Nikachomoa gurudumu. Nikavua cheni. Kila kitu kilikuwa chepesi sasa, na nikahisi wazee wameanza kuniheshimu, kwa maana mmoja alisema "Ehee". Nikaifungua sproketi kubwa, nikaweka mpya, nikakaza nati zake. Ndipo nikahamia mbele, kwenye sproketi ndogo, iliyojificha nyuma ya kifuniko cha injini upande wa kushoto. Kukifungua kifuniko kile ni kufunua chungu kilichosahauliwa tangu Idi iliyopita: grisi, mchanga, nyasi na oili vimekorogeka na kuwa ugali mweusi. Nikauchota kwa bisibisi. Chini yake sproketi ilikuwa imeshikwa na kibati chenye bolti mbili ndogo, spana 10.

Nikavuta spana. Sproketi ikazunguka pamoja nayo.

Nikavuta tena. Ikazunguka tena, kwa raha zake, kama bembea. Nikaingiza gia namba moja ili injini iishike. Injini ikakohoa mara moja, sproketi ikajongea, bolti zikabaki na kutu yake. Nikamshikisha mtoto kwa kitambaa. Mtoto akazunguka pia.

Nilisimama pale na spana mkononi, na taratibu, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, nikaelewa. Bolti za mbele hulegezwa kabla ya kitu kingine chochote, cheni ikiwa bado mahali pake na mtu amekanyaga breki ya nyuma. Breki inashika gurudumu, gurudumu linashika cheni, cheni inashika sproketi, bolti inakosa pa kukimbilia. Mimi gurudumu lilikuwa limelala chini ya mnazi. Cheni ilikuwa katika beseni. Kila nilichokifanya asubuhi hiyo kilikuwa sahihi, ila nilikuwa nimeanzia mkiani.

Nikamtazama fundi. Fundi alikuwa akiitazama kahawa yake.

Ikabidi kurudisha kila kitu. Gurudumu ndani, ekseli ndani, breki mahali pake, cheni kuukuu juu ya sproketi. Na ili kuunga cheni kuukuu nilihitaji, msomaji umeshakisia, klipu yake. Ile mpya niliapa haitoki katika paketi mpaka saa yake ifike. Nikawaita tena watoto. Safari hii walikuja na mjumbe, mtoto wa darasa la nne, aliyenieleza kwamba kashata moja ilikuwa bei ya msako wa kwanza. Tukakubaliana mbili mbili. Waliipata kwa dakika tano, na mpaka leo nashuku kwamba kuna aliyejua ilipo tangu mwanzo.

Kuna Mswisi mmoja, Hans Renold, aliyekuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza. Ndiye aliyesajili hataza ya cheni hii ya bushi na roli mwaka 1880. Toka siku hiyo umbo lake halijabadilika sana, na watu wamekuwa wakiivaa na kuivua kwa zaidi ya miaka 140 pasipo kuhitaji umati wa watoto. Nilimkumbuka Renold kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mtoto mkubwa akakanyaga breki, bolti zikalegea kwa mlio wa mlango wa zamani. Nikabadilisha sproketi ndogo. Hapo, kwa mara ya kwanza, Babu alivunja desturi yake, nadhani kwa huruma. "Usiitoe ile ya zamani ukaitupa," akasema. "Ifunge ile mpya mkiani mwake, uvute. Ya zamani itamwonyesha mwenzake njia." Ndivyo nilivyofanya. Cheni kuukuu ikapita nyuma ya injini ikimkokota mgeni wake, mpya ikaibuka upande wa pili inang'aa, na barazani wakapiga makofi. Katika siku nzima ile, hizo zilikuwa sekunde kumi za raha.

Nikaweka klipu mpya. Nikapangusa mikono, nikasimama.

"Umemaliza?" Babu akauliza.

"Nimemaliza, Babu."

"Cheni hii ikienda, juu hapa inaelekea wapi?"

"Mbele."

"Na samaki wako anaangalia wapi?"

Nikainama. Samaki wangu, yaani klipu, alikuwa ameelekeza mkia mbele na kichwa nyuma.

"Ulishaona samaki anaogelea kinyumenyume?"

Babu ana haki. Mkia uliopasuka ukitangulia, siku moja utakwaruza kitu, utafunguka, klipu itaruka, na cheni itafuata. Ikikatika ukiwa kasi inaweza kujizongazonga mbele na kupasua ganda la injini, au kufunga gurudumu. Nikamgeuza samaki, safari hii nimefunika mikono yote miwili kwa shati. Mambo yote niliyoyaeleza hapa yanaweza kusahauliwa, lakini hilo la samaki, wewe mwenye pikipiki, nenda kalitazame leo hii.

Kukaza cheni niliona ni jambo dogo. Nyuma kuna skrubu mbili za kuvutia, kushoto na kulia, na alama zake za kuhesabia. Kushoto nikaweka alama nne, kulia tano, nikaenda mzunguko mmoja kama kaa. Nikarudi nikasawazisha. Cheni nilikuwa nimeivuta mpaka ukiigonga kwa kidole inatoa sauti ya zeze. Nilidhani huo ndio umahiri. Nikampigia honi mama watoto aje tujaribu pamoja.

Akapanda. Pikipiki ikasema kriiii.

Akashuka. Ikanyamaza. Akapanda. Kriiii.

Hapa ndipo elimu ilipoponza nyumba. Nilianza kumweleza, mbele ya baraza nzima, kwamba sproketi ya mbele iko mahali pake na bawaba ya ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma iko mahali pengine. Kwa hiyo springi zikibonyea, umbali baina ya sproketi mbili unaongezeka na cheni inakaza, na kwamba hali hiyo huonekana zaidi pale panapokuwa na mzigo. Nililitumia neno "mzigo" kwa maana yake ya kisayansi kabisa, pamoja na egemeo na jitihada.

"Mwalimu," akasema mke wangu, "rudia hapo mwisho."

Sikurudia. Nikalegeza cheni mpaka ikacheza vidole viwili, milimita kama 25 juu na chini katikati ya upande wa chini. Akapanda tena kimya, tukaenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, na njia nzima hapakuwa na kelele yoyote, ya cheni wala ya binadamu. Chakula cha mchana siku ile nilipakua mwenyewe.

Hesabu pia niliipiga mwenyewe. Spana mpya, vikombe vitatu, kahawa za washauri, kashata za wafanyakazi awamu ya kwanza na ya pili, sabuni ya unga ya kunawia: Sh 12,500. Sikuihesabu suruali.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama, adhana ya alasiri imeshatolewa, wazee wanakunja mikeka. Fundi akasimama, akajipangusa kanzu, akaja pale nilipo. Akaizunguka pikipiki mara moja. Akabonyeza cheni kwa kidole gumba. Akainama kumtazama samaki. Akatikisa kichwa kukubali, na nakiri kwamba moyo ulinipanda kama wa mtoto anayesubiri alama ya vema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akafungua kinywa.

"Umehesabu meno?"

Mimi, ambaye nimewafundisha watoto kwa miaka kwamba mwanasayansi huhesabu kwanza, sikuwa nimehesabu jino hata moja. Nikaiokota sproketi kuukuu kutoka kwenye beseni: 41. Nikahesabu mpya, kidole kwa kidole, nikakosea, nikaanza upya: 45. Za mbele zote mbili, ya zamani na mpya, 15.

"Hiyo ni ya Lushoto," fundi akasema. "Ya kupanda mlima na gunia. Ulimwambiaje kijana wa duka?"

Nikamwambia nilichomwambia. Fundi akacheka kwa mara ya kwanza, akashika bega langu kwa upole ambao uliniuma zaidi, akaenda zake msikitini.

Hesabu yake ni nyepesi, hata darasa la sita wataifanya. Zamani injini ilizungusha sproketi ya mbele mara 2.73 ili gurudumu lizunguke mara moja. Sasa ni mara 3 kamili. Nguvu imeongezeka, mwendo umepungua kwa kiwango hichohicho. Pale nilipokuwa nikikimbia kilomita 60 kwa saa, sasa nakwenda 55 na injini inalia kama mashine ya kukoboa. Juzi bajaji ilinipita, na abiria wake, mama wa makamo, akanitazama kwa huruma. Tanga yetu ni tambarare. Mlima pekee baina ya nyumba yangu na shule ni tuta la kupunguza mwendo langoni. Nalipanda vizuri mno.

Duka limekataa kuirudisha kwa sababu imeshaguswa na grisi, nami sina uso wa kwenda kununua nyingine nyumba ikiwa bado inahesabu vikombe. Kwa hiyo natoa tangazo. Kama uko Lushoto, na pikipiki yako inatumia cheni namba 428 kama hii yangu, na kwa bahati mbaya uliuziwa sproketi ya meno 41 inayokataa kupanda na abiria, tukutane stendi ya Mombo Jumamosi yoyote tubadilishane. Spana 19 nitakuja nayo mimi, mpya. Fundi njoo naye wewe.